Pale Hapana Sahani ya Mtu Mmoja

Deira hii ya Dubai, yenye mikahawa mlango kwa mlango, mtu mwenye njaa ya wastani hana pa kula. Sisemi njaa ya mpagazi aliyeshinda kandokando ya Khor akipakia majokofu na matairi kwenye majahazi. Wala sisemi njaa ya mfanyabiashara wa Kariakoo aliyezunguka Murshid Bazaar tangu asubuhi akibishania bei ya mapazia. Nasema njaa ya karani. Karani ameshinda kitini, kiyoyozi kinampuliza kisogoni, anajaza makaratasi ya makontena yanayokwenda Dar es Salaam na Mombasa, na kitu kizito alichonyanyua kutwa nzima ni muhuri. Mtu wa namna hiyo anataka wali kidogo, kinofu cha nyama, chai, akalale.

Karani mwenyewe ndiye mimi. Na mkahawa ulio chini ya jengo ninalopanga, ule ambao nikishuka ngazi tu nimeshafika, ni wa Waafghani.

Niseme mapema, kabla sijaandikiwa barua: sina ugomvi na Waafghani. Ni majirani wema. Hawapigi makelele usiku, na mpangaji aliyefungiwa nje na wenzake wa chumba humpa kiti na maji mpaka ufunguo upatikane. Ugomvi wangu ni na hesabu zao. Jikoni kwao namba moja haipo. Wanaanza kuhesabu kwenye tatu.

Tuanze na mkate. Mkate hauagizwi. Unakaa, hujafungua mdomo, na wenyewe umeshaanza safari. Kuna dirisha la kioo linalotazama tanuri, na nyuma yake kijana mmoja analitandaza donge la unga, analivuta kwa urefu, anapitisha ncha za vidole kulichora mistari, ananyunyiza habasoda, kisha anaubandika mkate ukutani mwa tanuri kwa mto wa kitambaa. Unageuka kumsalimia mtu, ukirudi kutazama keshauopoa kwa vyuma vyake viwili. Unatua mezani mpana kuliko ungo, na meza imekwisha hapo hapo: kichupa cha chumvi hakina pa kusimama, simu unaiweka mapajani.

Mkate huo una masharti. Ukiwa wa moto, ganda lake linavunjika kwa sauti na ndani unavutika, unautafuna peke yake bila mchuzi na humkumbuki mtu. Ukiuacha robo saa, unautafuna hadi taya zinadai likizo. Kwa hiyo huwezi kuuambia usubiri chakula. Unaanza kuula. Ukifika theluthi, yule kijana wa tanuri, ambaye nina hakika kazi yake hasa si kuoka bali ni kuchunga meza yangu, anapeleka mwingine.

"Huu sikuagiza," namwambia mhudumu.

"Ule umepoa," ananijibu, kwa Kiarabu cha sokoni ambacho sote wawili tunakivunja kwa usawa.

Hapo supu imeshafika, nayo haikuagizwa. Nyuma yake saladi. Na kuhusu hiyo saladi nina neno. Mimi mtu wa Tanga nimelelewa kwa kachumbari: kitunguu kinakatwa mpaka unaona upande wa pili, kinafikichwa kwa chumvi, kinaoshwa, kinakamuliwa, ndipo kinakutana na nyanya na ndimu. Hapa kitunguu kinapasuliwa vipande vinne, kinawekwa kwenye majani na pilipili mbichi nzima, na aliyekileta anaondoka bila kuaga. Unakitafuna mwenyewe na machozi yako.

Mkate, supu na saladi havimo kwenye bili. Ni bure. Na hiyo bure ndiyo iliyonifunga mikono, kwa sababu kitu cha kulipia ningekirudisha kwa maneno makali, lakini cha bure nirudishe kwa uso gani? Ninakula. Kabla chakula nilichoagiza hakijatoka jikoni, njaa ya karani imeshakwisha, na sasa ninaishi kwa heshima tu.

Kinachofuata ni pilau, na hapo mtu wa pwani hawezi kunyamaza.

Pilau ya Kabuli wenyewe wanaihesabu kuwa ndicho chakula cha taifa lao. Inakuja imelundikwa mpaka inazuia kumwona uliyekaa naye. Juu kuna karoti zilizokatwa vijiti vyembamba, zikakaangwa mpaka zikawa tamu, na zabibu kavu zilizolowa mafuta zikavimba, na siku ya neema, lozi. Nyama haionekani. Imefukiwa. Kwetu nyama ya pilau hukaa juu, wote wakaihesabu kwa macho kabla ya bismillahi, na mpakuaji mwenye upendeleo akajulikana siku hiyo hiyo. Hapa unachimba. Unaingiza kijiko kutoka upande huu, hupati kitu. Unazunguka upande wa pili, unakuta mfupa wa paja la kondoo, na nyama yake inaachia yenyewe ukiigusa.

Nikaona siwezi kulala na jambo hili bila kumwona mpishi. Mpishi ni mzee wa ndevu nyeupe, na usiku mikono yake ikipata nafasi hutoka kuvuta hewa mlangoni. Hakunificha kitu. Mchele mrefu unalowekwa, unachemshwa nusu, unamwagwa maji. Nyama imeshachemka pembeni na vitunguu vilivyokaangwa mpaka vikawa vyeusi-vyekundu, na hivyo ndivyo vinavyotoa rangi. Nyama inakaa chini, mchele unapanda juu, supu ile inanyunyizwa, karoti na zabibu zinawekwa upande, chungu kinafunikwa barabara, na vingine vyote ni kazi ya mvuke. Ndiyo maana kila punje inasimama mbali na mwenzake.

"Na kwenu pilau mnapikaje?" akaniuliza.

Nikajikohoza. Nikamwambia habari ya bizari nyembamba, mdalasini, karafuu, hiliki, pilipili manga, vitunguu saumu na tangawizi vilivyotwangwa pamoja. Alikuwa anatikisa kichwa kwa kuridhika, fundi anamsikiliza fundi. Nikamwambia habari ya viazi mviringo. Kichwa kikasimama.

"Viazi? Ndani ya wali?"

"Ndani ya wali."

Akanitazama kwa huruma iliyonifedhehesha mimi na pwani yote kuanzia Lamu mpaka Lindi. "Siku nyama ikikosekana," akasema, ananisaidia kupata jibu.

Nikataka kumrudishia kwa zabibu zake. Nani anatia sukari kwenye pilau? Lakini hapo kidogo nilikuwa peke yangu, maana hata kwetu wapo wanaotia zabibu, na tunawajua kwa majina. Isitoshe, zabibu kwa Waafghani si pambo. Nchi tambarare ya Shomali, kaskazini mwa Kabul, ni mizabibu. Kandahar ni mizabibu na makomamanga. Wachuuzi wao walitembea na matunda makavu mpaka Bengali, hata Rabindranath Tagore akamwandika mmoja wao katika hadithi yake "Kabuliwala" ya mwaka 1892. Watu waliotembeza zabibu mpaka Calcutta hawataona haya kuzitia kwenye chungu chao wenyewe. Nikayameza maneno yangu, na hayo yalikuwa chakula pekee cha kiasi nilichopata siku hiyo.

Sasa mtu mwenye busara ataniambia: agiza nusu. Nusu ipo, imeandikwa ukutani. Niliiagiza. Sahani ikaja ile ile, lundo lile lile, mfupa ule ule. Nikamwita mhudumu. Akaitazama sahani, akanitazama mimi, akasema ndiyo, hii ni nusu, bei yake nusu. Mpaka leo sijamwona mtu aliyeagiza nzima, na sitaki kumwona.

Sababu ya wingi huu ninaijua, wala si siri. Kwao chakula hutandikiwa kitambaa sakafuni, watu wakakizunguka, na mgeni ana haki ya kufika bila taarifa. Mpishi anapopima mchele anamhesabu na yule ambaye bado hajagonga mlango. Ongeza na yaliyowapata. Jeshi la Kisovieti liliingia Desemba 1979, na tangu hapo vita vimebadilisha majina tu. Mamilioni walikimbilia Pakistan na Iran, wengine wakaenda mpaka Hamburg, wengine Fremont kule California. Watu ambao kwa miaka zaidi ya 40 hawajui usiku huu atabisha hodi nani akitokea wapi, utawafundishaje kupika kwa kipimo cha karani? Hayo yote nayaelewa. Tumbo langu ndilo halikusoma historia.

Na msinikumbushe sinia. Najua kwamba sisi nasi tumekulia kwenye sinia. Lakini sinia la kwetu lilikuja na watu. Kulikuwa na binamu zangu wanne, vidole vyao vyepesi kuliko vyangu, na nikizubaa kidogo nabaki na karafuu. Sinia la hapa linakuja na mimi peke yangu. Hiyo si karamu, ni adhabu.

Labda mtauliza kwa nini nisijiunge na wenzangu. Msiwe na shaka, hata hilo silipangi mwenyewe. Viti vya pale ni vichache na viko mbele, karibu na mlango. Nyuma kuna ulingo wa mbao wenye mazulia mekundu na mito ya kuegemea, watu wanavua viatu na kupanda, na mhudumu anatandaza nailoni katikati. Mtu aliyekaa kitini peke yake wanamwona mgonjwa. Wanakuja madereva wa malori, wanane, wanapanda, wananiona, wanaanza kuniita kwa mikono. Kwa adabu nakataa. Kwa adabu wanarudia. Nakataa tena, huku nimeweka mkono kifuani. Mara ya tatu ni mwiko kukataa, kwa hiyo navua viatu, na soksi yangu yenye tundu inatambulishwa kwa umma. Sahani yangu inabebwa, inawekwa katikati ya zao, na papo hapo inakuwa ya kila mtu, na zao zote zinakuwa zangu. Wananisogezea mishikaki ya kondoo iliyochomekwa mapande ya mafuta ya mkia kati ya nyama na nyama. Pande la mafuta lililo bora kuliko yote wanampa mgeni. Mgeni ni mimi, mwenye barua ya daktari mfukoni inayokataza mafuta.

Kwetu tunasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Nimekaa mtaa huu nikisubiri jembe kwa hamu, maana ningelima hata barabara ya Naif nipunguze uzito. Wananipa mkate.

Pale kuna chakula kimoja tu kinachokuja kwa kiasi cha binadamu, nacho ni mantu. Ni vifurushi vya unga uliosukumwa mwembamba, ndani nyama ya kusaga na vitunguu vingi, vikapikwa kwa mvuke. Chini mtindi wenye kitunguu saumu, juu mchuzi wa dengu za kupaaza, nanaa kavu, pilipili ya unga. Kila kifurushi kinafinywa kwa vidole, pembe kwa pembe, na kwa sababu ya kazi hiyo hupikwa Jumapili tu na huisha mapema. Ni chakula cha kula kikiwa moto. Mtindi ukiwa baridi na nyama ikiwa moto, mdomo mmoja unapata habari mbili kwa pamoja. Kikipoa, unga unakuwa mpira na mafuta yanaganda kwenye kaakaa.

Jumapili moja nikawahi. Nikaagiza. Nikaiona sahani yangu inatoka jikoni, mvuke unapanda, nikakunja mikono ya shati. Bahati mbaya ilikuwa tarehe 15 Oktoba 2023, na kwenye televisheni, kule Delhi, Afghanistan walikuwa wanacheza kriketi na Uingereza, mabingwa wa dunia wakati huo.

Mhudumu alifika hatua tatu kutoka kwangu, akasimama. Kuna Mwingereza alikuwa ametolewa. Sahani mkononi, macho ukutani. Mkahawa mzima ulisimama. Kijana wa tanuri aliondoka kwenye tanuri, jambo ambalo sijapata kuliona. Mpishi alitoka na mwiko. Mimi nilinyoosha mkono kuifikia sahani, nikapigwa kofi la mkono, kwa upole, na mzee nisiyemjua, aliyeona kwamba ninamzibia. Mvuke ukapungua. Mvuke ukakoma. Rashid Khan akarusha, Waingereza wakatoka, Afghanistan wakashinda kwa mikimbio 69, na watu wazima wenye ndevu wakakumbatiana na kulia, na mimi nikakumbatiwa na mhudumu, mantu zangu zikiwa bado mkononi mwake, mtindi wote ukahamia kwenye shati langu. Usiku huo hakuna aliyelipishwa. Kila meza ikapelekewa firni, maziwa mazito yenye hiliki na maji ya waridi. Bakuli la familia.

Jirani yangu wa chumbani, mtu wa Mombasa, alikuwapo. Mhudumu akamuuliza anatoka wapi. Akasema Kenya. Mhudumu akaweka mkono kifuani: "Steve Tikolo! Nusu fainali, mwaka 2003!" Jirani yangu, anayejua wachezaji wa akiba wa Arsenal mpaka wale wa timu ya vijana, akaitikia kwa heshima kubwa, akapokea pongezi kwa niaba ya nchi, kisha akaniinamia: "Yakhe, Tikolo ndiye nani?" Kwa ajili ya huyo Tikolo wa kriketi akaongezewa firni. Mimi wa Tanzania nikaambiwa pole.

Ukidhani ukishakula umeokoka, hujaiona chai. Ni chai ya kijani yenye hiliki, inakuja kwa birika na vikombe visivyo na mkono, pembeni lozi zilizovikwa sukari. Haina maziwa, haina tangawizi, na kwa haki ya Mungu ni nzuri. Lakini kikombe kikiwa tupu ni aibu ya mwenye nyumba. Ukimaliza kinajazwa. Ukisema basi, wanaona unaona haya, kinajazwa. Dawa yake ni kufunika kikombe kwa kiganja, na hata hapo mhudumu anasimama na birika, anasubiri uchoke. Nimewahi kukaa nimefunika kikombe taarifa ya habari nzima, tukitazamana.

Shida hizi nilimweleza mama mmoja wa Kariakoo, mteja wetu wa makontena, aliyenialika pale na wenzake waliokuja kununua mitandio. Akina mama hawa wana nidhamu. Waliimaliza pilau mpaka punje, wakaumaliza mkate wa kwanza, wa pili na wa tatu, wakabishana bei ya mishikaki wakapunguziwa, na mwisho wakaomba nanaa kavu ya kupeleka nyumbani, wakapewa bure. Nikasema, dada, hapa chakula ni kingi mno. Akaweka kijiko chini.

"Kaka, unalalamika chakula kingi? Kapande ndege uende kwenu Tanga ukayaseme hayo sokoni Mgandini. Tena useme kwa sauti, nije nishuhudie."

Nimeacha kulalamika kwa watu. Nalalamika kwa maandishi.

Na kinachobaki mezani mnadhani kinakwenda wapi? Kinafungwa. Sijawahi kuomba kifungwe. Mhudumu anakuja na mabakuli ya foili, anapakia pilau, anapakia mishikaki ya wale madereva, na kwa kuwa itakuwa ni uchoyo kumtoa mtu na wali mtupu, anaongeza mkate mpya. Napanda ngazi nimebeba mfuko mzito kuliko ule wa nguo za dobi. Chumbani tumepanga vitanda watano: mimi, yule wa Mombasa, Mganda mmoja mlinzi, na vijana wawili wa Unguja wanaofanya kazi ghala la mizigo. Jokofu letu ni dogo. Mwanzoni mfuko ulikaa mpaka asubuhi. Siku hizi haufiki kwenye jokofu. Nikifungua mlango, gazeti limeshatandikwa sakafuni na mikono imeshanawiwa.

Ningetarajia shukrani, au angalau kimya. Badala yake wameanza kunipangia. Nikichelewa ofisini napigiwa simu: mbona leo huendi kula? Nikisema nina homa, wananiuliza kama homa inazuia kushuka ngazi. Vijana wa Unguja wametoa hoja kwamba karoti zimepungua na nimfikishie mpishi. Mganda anataka mchuzi uwe mzito zaidi. Na jana yule wa Mombasa, ambaye tangu mfuko wa kwanza hajatoa hata dirham moja, alionja, akatafuna kwa makini, akafuta mikono, kisha akaniuliza kwa nini siku za Jumapili siagizi mantu za kutosha watu wote.